Mkono Uliolala Mirihi

Kitendawili. Msijibu haraka.

Nina mkono wangu umelala mbali. Haushiki, haupungi, na hapana wa kuukunja.

Siku nyingine mkishindwa huwa mnanipa mji. Leo kaeni na miji yenu kwanza, nami niwapeleke katika nchi moja ambayo jina lake silisemi, kwa kuwa hamtalikuta kwenye ramani yoyote, na mkilikuta mtakuwa mmelitafuta wenyewe.

Nchi hiyo ilikuwa na amani, bendera, na desturi moja nzuri sana. Wenzao duniani walipima vitu vyao kwa vipimo vya kuazima, vilivyoletwa na wageni ndani ya masanduku. Wao wakasema hapana, sisi tutapima kwa mkono wa Kiongozi wetu, kuanzia kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Siku ya kuapishwa, Kiongozi mpya alilaza mkono wake wa kulia juu ya meza ya mninga mbele ya umma, seremala wa Serikali akauwekea ufito pembeni, akaukata pale kidole kilipoishia. Ufito ule ndio ukawa sheria. Kitambaa cha dukani, kiwanja cha kujenga, kina cha kisima, lango la mpira, kaburi, vyote vilihesabiwa kwa mikono ya Kiongozi. Naye akiondoka madarakani, ufito wake unachomwa moto uwanjani, unakatwa mwingine, na nchi nzima inapimwa upya.

Wapo waliosema huo ni usumbufu. Hao hawakuona mbali. Alipotoka Mzee Rajabu Matambo, mtu mrefu aliyekuwa akiinama kuingia kila mlango, na akaingia Dokta Shaweji, ambaye hakuwahi kuinamia mlango wowote, maendeleo yalikuja siku ileile. Barabara ya kaskazini iliongezeka mikono maelfu bila koleo kugusa ardhi. Watoto wa shule walirefuka. Ng'ombe walinenepa kiunoni. Dokta Shaweji alisimama jukwaani, juu ya kisanduku chake cha kusimamia, akawaambia wananchi kwamba waliomtangulia walitawala miaka nenda miaka rudi na nchi ikabaki vilevile, ilhali yeye hajamaliza hata wiki na nchi imekua pande zote. Watu wakapiga makofi. Kina mama peke yao ndio waliolalamika kidogo, kwamba kanga ya mikono ileile siku hizi haifiki nyuma. Wakaelezwa kwa upole kwamba kanga haijapungua. Wao ndio wamekua pamoja na taifa.

*

Tumwache Dokta Shaweji na vigelegele vyake, twende kwa aliyetoka, maana hadithi ni yake.

Mzee Matambo alikuwa akikaa mwisho wa barabara ya lami, pale ambapo lami yenyewe inakata tamaa na kuwa vumbi. Nyumba ilikuwa nzuri, ya Serikali, yenye vyumba vingi kuliko watu. Watu walikuwa wawili tu: yeye, na Koplo Ndimbo, askari aliyewekwa pale kulinda. Koplo hakuwa akimlinda Mzee asitoroke, wala hakuwa akimlinda na maadui. Alichokuwa akilinda ni kiwiko.

Ilikuwapo Sheria ya Mkono Mmoja. Ilisema taifa haliwezi kuwa na mikono miwili ya kupimia, litachanganyikiwa. Ufito wa zamani unachomwa, sawa. Lakini mkono wenyewe uliokatiwa ufito huwezi kuuchoma, kwa sababu nchi ile ilikuwa ya kiungwana. Basi mkono wa kulia wa kiongozi aliyestaafu hukunjwa, ukafungwa shingoni kwa kitambaa kama wa mtu aliyevunjika, na vidole vyake vikafumbwa ndani ya mfuko wa hariri wenye nembo ya taifa. Mfuko huo uliitwa Mfuko wa Heshima. Kuukunjua mkono ni uasi. Kupunga ni uasi mbele ya mashahidi. Kila saa Koplo Ndimbo alisimama wima, akabonyeza simu ya upepo, akatangaza, "Kiwiko kimekunjwa." Sauti ya upande wa pili ikajibu, "Taifa limesikia."

Walioitunga sheria hiyo walikuwa wasomi, hawakuwaza habari za kula. Mzee akawa anakula kwa kushoto. Mwanzoni majirani walimwalika, kwenye maulidi, kwenye harusi, wakamketisha penye sinia pamoja na wazee wenzake. Walipouona mkono wa kushoto unaingia kwenye pilau, mmoja alishiba ghafla. Mwingine akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Baada ya hapo mialiko ikaanza kupotea njiani, na hapakuwa na ugomvi wowote, na salamu ziliendelea kutoka ng'ambo ya barabara. Walimsahau kwa adabu kabisa.

Alikuwa na binti mmoja, Mwanaheri, aliyeolewa nchi ya mbali. Alikuja mara moja. Aliposhuka garini alimkimbilia baba yake kama alivyokuwa akimkimbilia utotoni, na Koplo Ndimbo akalazimika kusimama katikati, kofia mkononi, akitazama viatu vyake, kwa kuwa sheria ilisema wazi kwamba kumkumbatia mtu ni kumpima. Wakaongea kwa kutazamana, meza ikiwa katikati. Akaondoka. Tangu hapo alipiga simu sikukuu za Idi, wakaulizana hali ya hewa.

Basi kilichobaki kilikuwa vitendawili. Kila alasiri Koplo alileta kiti chake barazani, na kwa kuwa hawakuwa na kitu kingine cha kupeana, walipeana miji. Mzee alikuwa ameitawala miji yote ile bila kuijua vizuri. Sasa alikuwa akiitoa mmoja mmoja.

"Kitendawili," Koplo alisema alasiri moja.

"Tega."

"Kuku wangu wamejaa banda, wote wanawika pamoja, hakuna anayetaga."

Mzee alifikiri mpaka chai ikapoa. Akasema hajui.

"Nipe mji."

Akampa mji wa bandari, na meli zake. Koplo, kama desturi ilivyo, akaenda huko kwa maneno: akapokewa kwa ngoma, akala samaki wa kupaka, akakataa kurudi, akabembelezwa, akarudi. Ndipo akasema, "Bunge, Mzee."

"Nilikuwa nawahutubia kila mwaka," Mzee alisema. "Nilidhani wanataga."

Namna hiyo ilikwenda bandari, yakaenda makao makuu, ikaenda miji ya mpakani yenye vita na ile yenye mihogo. Wa mwisho kutoka ulikuwa Kisimatembo, kijiji alichozaliwa, chenye kisima kimoja na shule ya madarasa manne. Siku alipoutoa huo hakula chakula cha jioni. Tangu siku hiyo Koplo alitega na Mzee akajibu, au akashindwa, lakini hapakuwa tena na cha kutoa.

*

Sasa kuhusu Kobe.

Enzi za Mzee Matambo nchi ile ilituma roboti kwenye sayari ya Mirihi. Nchi nyingine zilituma ili kujua kama huko kuna maji. Wao walikuwa hawajamaliza kujua kama kwao kuna maji, lakini jirani yao mmoja alikuwa ametangaza kwamba anafikiria kutuma, na hilo lisingevumilika. Wakaunda gari dogo la magurudumu sita, lenye jicho moja juu ya shingo ndefu. Jina lake rasmi lilikuwa Matambo wa Kwanza. Watu, kwa jinsi lilivyokuwa likitembea, waliliita Kobe.

Kabla halijafungwa, Mzee aliamuru mkono wake utiwe tumboni mwa gari hilo, yaani kila litakaposikia neno "mkono" lielewe mkono wa Matambo na si wa mtu mwingine. Akaamuru tena kwamba mkono huo ufungiwe kwa kufuli ambalo atakayekuja baadaye hataliweza. Seremala wa Serikali akapanga punje za mtama juu ya ufito kutoka mwanzo hadi mwisho, akazihesabu. Idadi ile ndiyo ilikuwa ufunguo. Ukiitaja sawasawa, kufuli linafunguka na mkono unaweza kubadilishwa. Ukikosea hata punje moja, linajifunga milele. Idadi ilikuwa siri kubwa kiasi kwamba hata Mzee mwenyewe hakuambiwa. Seremala alifariki nayo, na karatasi zake zikachomwa pamoja na ufito, kwa mujibu wa taratibu.

Kobe alikuwa bado yuko njiani angani wakati Serikali ilipobadilika. Jina lake lilibadilishwa asubuhi ileile, akawa Shaweji wa Kwanza, ingawa yeye hakuarifiwa. Alitua salama. Akafumbua jicho, akaanza kupokea amri kutoka nyumbani.

Waliokuwa wakimtuma walimwambia, nenda mikono kumi, upige picha ya jiwe jekundu. Walimaanisha mikono ya Dokta Shaweji. Naye akaenda mikono kumi ya Mzee Matambo, akalipita jiwe, akapiga picha ya mchanga. Serikali ikaitoa picha ile magazetini na kusema kwamba mchanga huo ndio uliokusudiwa. Wakamtuma kwenye kilima, akafika upande wa pili wa kilima. Ikatangazwa kwamba roboti yetu imevuka malengo. Na yeye mwenyewe kila akiulizwa umekwenda kiasi gani, alijibu kwa uaminifu, mikono kumi, kama mlivyosema.

Wataalamu walijua. Mmoja wao aliwahi kupendekeza, kwa sauti ya chini, kwamba amri zipunguzwe kidogo. Akaulizwa zipunguzwe kwa sababu gani. Akajibu, kwa sababu mkono wa zamani ulikuwa... Hapo akatazama ukutani ilipokuwa picha ya Dokta Shaweji, akasema anaumwa tumbo. Hakuonekana tena kazini, lakini familia yake ilipewa pole.

Mzee Matambo alifuatilia yote kwenye televisheni yake, peke yake, katika ukumbi wenye viti vya wageni vilivyofunikwa nailoni. Habari nyingine zilikuwa zikimpita. Mtangazaji akisema Shaweji wa Kwanza leo ametembea mikono mia, Mzee alisogea karibu na kioo, akatazama alama za magurudumu kwenye ule mchanga mwekundu, hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna hata nzi, na moyoni akasema: huyo anatembea kwa mkono wangu. Duniani alikuwa amekunjwa. Lakini kulikuwa na kiumbe kimoja, mbali kuliko binti yake, ambacho kila siku kiliunyoosha mkono wake na kuulaza chini, tena na tena, bila kujua kwamba ni kosa. Alimwombea usiku mwema kila alipozima televisheni. Koplo Ndimbo alisikia, akajifanya anakohoa.

*

Ilipokaribia sikukuu ya Dokta Shaweji kutimiza mwaka madarakani, ilitangazwa kwamba Shaweji wa Kwanza atakwenda mpaka kwenye ukingo wa korongo kubwa kule Mirihi, refu kwenda chini hata jicho lake halikuona mwisho, lililokwisha pewa jina la Bonde la Shaweji. Atasimama mikono miwili kabla ya ukingo. Atainua bendera. Nchi nzima itatazama moja kwa moja, na siku hiyo hakuna kazi.

Mzee alizima televisheni, akatoka barazani.

"Ataanguka," alisema.

"Nani, Mzee?"

"Kobe. Watamwambia mikono ya yule bwana, yeye ataenda yangu. Ataupita ukingo."

Koplo alitazama kushoto na kulia. Akamweleza taratibu kwamba kusema Kobe ataupita ukingo ni sawa na kusema mkono wa Kiongozi ni mfupi.

"Sijasema mfupi."

"Ndiyo maana sijasikia."

Siku tatu baadaye, saa nane mchana, jua likiwa limewafungia majirani wote ndani, gari lenye mapazia lilisimama mlangoni. Alishuka Bi Mwantumu Pazi, Waziri wa Anga na Vipimo, akiwa amepakata kopo kubwa kama mtu aliyeleta maziwa. Mzee alimjua vizuri. Alikuwa waziri wa mambo hayohayo enzi zake pia. Ndiye aliyembebea ufito siku ya kuapishwa, na ndiye aliyewasha kiberiti siku ya kuuchoma. Siku hiyo machozi yalimtoka, na aliyemwuliza aliambiwa ni moshi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Waziri. Zamani ulikuwa ukipiga magoti."

"Zamani nilikuwa na magoti mazuri."

Aliketi juu ya nailoni, ikalia. Akaeleza alichojia, naye alieleza kama wanavyoeleza mawaziri, kwa kuanzia mbali. Alisifu mafanikio ya sekta. Alitaja changamoto. Alisema Serikali haikuja kuomba mkono wa Mzee, kwa kuwa kisheria mkono huo haupo, na Serikali haiombi kitu ambacho hakipo. Hata hivyo, kama ingetokea kwa bahati kwamba kitu ambacho hakipo kikalazwa mezani, na punje za mtama za Wizara zikapangwa pembeni yake, kufuli la Kobe lingefunguka, mkono wa Dokta Shaweji ungeingizwa, na Kobe angesimama pale anapotakiwa kusimama.

"Msimamisheni akifika ukingoni," Mzee alisema. "Mpigieni kelele."

"Neno likitoka huku, Mzee, hufika kule chai imechemka na kupoa. Tutakapomwona anaanguka, atakuwa ameshaanguka zamani."

Saa ya ukutani ilisikika. Kisha Mzee akauliza, kwa sauti ndogo ambayo Bi Mwantumu hakuwahi kuisikia wakati wa utawala wake, "Nikikupa, atanijua tena?"

"Hatakujua."

"Na nisipokupa?"

"Atakujua mpaka chini ya korongo."

Mzee alitazama ule mfuko wa hariri uliokuwa ukining'inia kifuani pake. Aliwaza kwamba mkono ule hakuna aliyekuwa akiujua tena. Seremala amekufa. Ufito ni majivu. Mwanaheri alikuwa akiukimbilia akiwa mdogo, na sasa angeupita sokoni bila kuutambua. Amebaki mmoja tu, naye hata hajui kwamba aliyemtuma ameondoka; yuko kwenye baridi ya peke yake, anaambiwa nenda na anaenda, akiamini kwamba nyumbani bado wanasema lugha moja naye. Kama akianguka, Mzee ataanguka pamoja naye, wakiwa wawili. Wazo hilo halikuwa baya sana. Alilishika kitambo, akalitua.

"Chukua," alisema. "Lakini kabla hamjamtoa mkono wangu, mwambieni aende mkono mmoja. Wangu. Mmoja tu, halafu asimame, ageuze magurudumu, ndipo mbadilishe."

"Mzee, mkono huo haupo."

"Kama haupo, hautamdhuru mtu."

Bi Mwantumu, aliyekuwa amewaandikia hotuba viongozi wawili, akafungua kopo lake la mtama.

*

Koplo Ndimbo aliitwa, maana kufungua Mfuko wa Heshima bila askari kushuhudia ni kosa, na kuufungua askari akishuhudia ni kosa kubwa zaidi. Alisimama mlangoni akitazama dari. Kitambaa kilifunguliwa. Mkono ukashushwa mezani, mweupe kwa kukosa jua, kama kitu kilichochimbuliwa.

Wakauvua ule mfuko. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani kama mguu wa ndege aliyekufa. Mzee alivitazama, akaviamuru vinyooke, navyo ambavyo zamani vikinyooshwa uwanja mzima ulikaa chini, havikutii.

Bi Mwantumu akaanza kupanga punje kutoka kiwikoni. Mtama wa Wizara ulikuwa umechaguliwa, punje zote sawasawa, uliohifadhiwa tangu enzi za seremala. Zilipofika kwenye kifundo cha kidole zikaishia, maana mbele ya hapo kidole kilikuwa kimejikunja. Akasema zimepungua, na kufuli halisamehe. Akaongeza, akitazama pembeni, kwamba sharti hilo la kutosamehe liliwekwa kwa amri ya Mheshimiwa Matambo mwenyewe. Aligundua alilosema, akaziba mdomo. Neno "Mheshimiwa" lilikuwa halijaingia katika nyumba ile tangu siku ya moshi.

Hapo Koplo Ndimbo aliondoka mlangoni. Alikwenda jikoni, akarudi na kibakuli cha mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Hakuomba ruhusa kwa yeyote. Alivuta kiti, akaketi, akauchukua ule mkono ndani ya mikono yake miwili, akaanza kuukanda. Alianza na kiganja. Kisha kidole gumba, kisha cha shahada, polepole, kama anavyokandwa mtoto mchanga anapoogeshwa. Mafuta yalinukia chumba kizima. Hakuna mtu aliyekuwa ameugusa mkono ule tangu mfuko ulipofungwa. Mzee alikaa wima kama aliye jukwaani, machozi yakimtiririka, na Bi Mwantumu alipomtazama, Mzee akasema ni mafuta, yanaingia machoni.

"Ndiyo," Bi Mwantumu alisema. "Hata moshi huwa hivyo."

Koplo akiwa katikati ya kukanda kidole cha kati, simu ya upepo ililia. Saa ilikuwa imetimia. Ikaita mara ya pili, sauti ikauliza hali ya kiwiko. Koplo alikuwa na mafuta mikono yote, na kidole cha kati kilikuwa kimeanza kulegea, akikiachia kitarudi. Akainama, akabonyeza simu kwa kidevu.

"Kiwiko kimekunjwa," alisema.

"Taifa limesikia."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza akiwa na sare, naye akaendelea kukanda. Kidole cha kati kililala mezani. Bi Mwantumu akapanga punje mpaka ncha ya ukucha. Kwa kuwa idadi ilikuwa siri ya taifa, mwenye mkono aliombwa azibe masikio wakati mkono wake ukihesabiwa. Akaziba moja, la kushoto, kwa mkono uliokuwa huru. La kulia halikuwa na wa kuliziba, basi akajiimbia kidogo ili asisikie.

*

Sikukuu ikafika. Televisheni zilitolewa nje hadi masokoni. Dokta Shaweji alivaa suti ya anga, ingawa alikuwa amekaa kwenye kochi la Ikulu. Watoto wa shule waliimba wimbo wenye beti nyingi kuhusu mkono, ambao ulitajwa kuwa unalea, unalima, unalinda, na unafika mpaka Mirihi.

Mzee, mkono wake ukiwa umefungwa tena shingoni, aliketi na Koplo mbele ya televisheni ya ukumbini. Koplo alikuwa ameondoa nailoni kwenye kiti kimoja.

Kobe alionekana, mdogo, vumbi limemshika mwili mzima. Kabla hajaanza safari ya ukingoni, jicho lake lilipiga picha moja ya mahali alipokuwa amesimama. Ilipita upesi. Kwenye mchanga palikuwa na mstari mfupi, uko peke yake, mwanzo wake na mwisho wake umekatwa na magurudumu yaliyogeuka. Mtangazaji, baada ya kunong'onezwa, alieleza kwamba huo ni ufa wa asili wa sayari.

Mzee hakuhitaji kuelezwa. Aliinua kiwiko cha kushoto, akakilaza kwenye mkono wa kiti, akaunyoosha mkono wake, akautazama, akaitazama picha mpaka ikaondolewa. Mstari ule ulikuwa umelala ukiwa umenyooka kabisa.

Kisha Kobe akaenda. Nchi nzima ikashika pumzi, hasa Wizara. Akasimama mikono miwili kabla ya ukingo, mikono ya Dokta Shaweji, akainua bendera yake juu ya lile shimo lisilo na mwisho. Makofi yalisikika mpaka mwisho wa lami. Dokta Shaweji alihutubia kwa muda mrefu. Alisema roboti imesimama kwa sababu inamjua mwenye mkono. Alisema waliomtangulia wangeitumbukiza. Na ili historia isichezewe, alisema, ameamuru mkono wake ufungiwe tumboni mwa roboti kwa kufuli jipya ambalo hakuna atakayekuja kuliweza, na idadi ya punje imekuwa siri hata kwake mwenyewe. Kamera ilimwonyesha Bi Mwantumu akipiga makofi. Alikuwa akipiga polepole, kama anayehesabu.

"Hanijui tena," Mzee alisema.

Koplo aliinuka. Alikwenda jikoni, akarudi na sinia la wali na samaki wa nazi, akaliweka chini juu ya jamvi, akakaa upande mmoja. Mzee akakaa upande wa pili, akasita, kama alivyokuwa akisita siku za mialiko. Koplo Ndimbo akaweka mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo. Akaingiza wa kushoto kwenye wali, akalifinya tonge vibaya, nusu likamwangukia kwenye sare.

"Unakulaje hivi, Mzee? Ni kazi."

"Utazoea."

Wakala. Jua lilipoanza kupungua walitoka barazani na viti vyao, na siku hiyo aliyeanza ni Mzee.

"Kitendawili."

"Tega," Koplo alisema.

"Nina mkono wangu umelala mbali, haushiki, haupungi, na hapana wa kuukunja."

Koplo Ndimbo alikuwa hajashindwa hata mara moja tangu aletwe katika nyumba ile. Alikuna kichwa. Alitazama juu, ambako mbingu ilikuwa bado nyeupe na nyota yoyote haijatoka. Akataja mto, akaambiwa sio. Akataja barabara ya kaskazini, sio. Akatikisa kichwa.

"Nimeshindwa, Mzee."

"Nipe mji."

"Nayo ni mingi, yote ninayo mimi. Sema unaoutaka. Bandari? Makao makuu?"

"Kisimatembo," Mzee alisema.

"Chukua Kisimatembo, na kisima chake, na shule yake, na watu wake wote."

Mzee alivuta pumzi, akafumba macho, akaenda, kama desturi ilivyo. Alisema amefika Kisimatembo kwa miguu, bila msafara, na mbwa wamembwekea kwa kuwa hawamjui. Kina mama waliokuwa kisimani wameuliza huyu ni nani, mmoja akasema, si Rajabu huyu, mtoto wa Mwajuma, mwenye mikono mirefu. Wameacha ndoo zao. Watoto wametoka madarasani.

"Na mimi," Mzee alisema, "nimenyoosha mkono wangu wa kulia, wote, nikawapungia. Nao wakanipungia."

Koplo alimtazama. Mzee alikuwa bado amefumba macho. Kitambaa kilikuwa kimeteleza begani, mfuko wa hariri ulikuwa chini kando ya mguu wa kiti, na mkono wa kulia ulikuwa hewani mbele ya nyumba, mchana kweupe, umenyooka mpaka ncha ya kidole cha kati, unakwenda huku na huku taratibu kuelekea barabarani, ambako hapakuwa na mtu.

Simu ya upepo ikalia.

"Kiwiko kimekunjwa," Koplo Ndimbo alisema.

"Taifa limesikia."